Walibadilika, Lakini Walituahidi Nini?

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila shabiki wa muziki amewahi kuitamka: "Hawa wasee walikuwa wakali kabla hawajabadilika." Utaisikia ikisemwa kuhusu wanamuziki wa genge, wa benga, wa injili, hata kuhusu kwaya ya kanisa iliyonunua kinanda kipya. Inatoka mdomoni kama lalamiko, lakini ukiisikiliza vizuri ni mashtaka. Anayeisema anadai kwamba kulikuwa na makubaliano kati yake na msanii, na msanii ameyavunja. Mimi nataka kuuliza: hayo makubaliano yaliandikwa lini, na nani alitia sahihi?

Nitaliuliza swali hili kupitia bendi mbili. Moja ni Just A Band, ya hapa Kenya. Nyingine ni GusGus, ya Iceland, kisiwa cha baridi kali huko kaskazini ambacho watu wake wote hawafikii idadi ya watu wa kaunti yangu ya Embu. (Sensa ya 2019 ilituhesabu 608,599.) Nimezileta pamoja kwa sababu zilianza kwa njia inayofanana sana, kisha zikabadilika kwa njia zinazopingana. Ukizilinganisha, unalazimika kusema wazi unamaanisha nini unaposema kwamba bendi imebaki ile ile.

Just A Band ilianza 2003 katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Waliokuja kujulikana ni wanne: Bill Sellanga, ambaye wengi wanamwita Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka 2008. Ulikuwa wakati wa genge na kapuka redioni, na hawa wakaja na midundo ya kompyuta, haus, funk kidogo, na sauti tulivu zilizoimba kwa lugha zaidi ya moja. Wimbo wao "Iwinyo Piny" jina lake ni la Kijaluo. Tena hawakuwa wa muziki peke yake. Walichora, walipiga picha, walitengeneza video zao wenyewe. Kwao sauti na picha vilipikwa jikoni moja.

Albamu ya pili, 82, ilitoka 2009. Machi 2010 wakaachia video ya wimbo wake mmoja, "Ha-He", na hapo ndipo nchi nzima ikawajua. Shujaa wa ile video ni Makmende, jamaa wa suruali ya miaka ya 1970 anayewachapa wahuni bila hata kutoa jasho. Jina lenyewe lilikuwa mtaani tangu zamani. Inasemekana watoto wa Nairobi walilitoa katika maneno aliyosema Clint Eastwood kwenye filamu ya 1983, wakayatamka walivyoyasikia. Ulikuwa ukijifanya mbabe unaulizwa, "Kwani wewe ni Makmende?" Sasa Makmende akawa na sura. Watu wakamtungia mizaha mtandaoni usiku na mchana, wakamweka kwenye majalada ya magazeti ya kubuni na kwenye noti ya shilingi 10,000. Wanahabari wa hapa na wa ng'ambo wakaandika kwamba Kenya imepata kichekesho chake cha kwanza cha kuenea intaneti nzima.

Sasa fikiria wewe ndiwe uliyetengeneza kitu hicho. Njia rahisi inaonekana wazi mbele yako: Makmende wa pili, Makmende wa tatu, Makmende anauza soda, Makmende anauza unga. Albamu yao iliyofuata ilikuja 2012 na jina lake lilikuwa ombi la radhi kwa kuchelewa, Sorry for the Delay. Haikuwa albamu ya Makmende. Kisha kila mmoja akaanza kufuata njia yake. Jim Chuchu alitoka akawa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la Nest. Mwaka wa 2014 akaongoza filamu ya Stories of Our Lives, ya picha nyeusi na nyeupe, kuhusu maisha ya Wakenya mashoga na wasagaji. Bodi inayokagua filamu ilikataa isionyeshwe nchini. Mbithi Masya akaongoza Kati Kati, filamu iliyopata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la Toronto mwaka wa 2016. Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe mwaka wa 2018. Jina la Just A Band likaenda kupumzika, na wenye jina wakaendelea na kazi.

GusGus nao walianza 1995 mjini Reykjavík, wakiwa wamekusanyika kwa ajili ya filamu fupi. Lilikuwa kundi kubwa la waigizaji, waimbaji, madijei na watengenezaji filamu. Albamu iliyowatoa nje ya kisiwa, Polydistortion, ilitolewa 1997 na kampuni ya 4AD ya London. Baadaye watu wa filamu walitoka, wakaenda kutengeneza video na matangazo kwa jina la Arni & Kinski. Emilíana Torrini, aliyepitia humo mwanzoni, akawa mwimbaji wa kujitegemea. Mwimbaji Daníel Ágúst alitoka, akarudi. Aliyekaa muda wote ni Birgir Þórarinsson, anayeitwa Biggi Veira, mtu wa mashine. Na muziki ukageuka. Ule mchanganyiko wa polepole wa mwanzoni, ambao kila mtu alitia chake, ukawa tekno ya klabu, inayopiga sawasawa kama moyo wa mtu anayepanda mlima. Ukisikiliza Polydistortion halafu usikilize Arabian Horse ya 2011, unaweza kudhani ni majirani tu, si bendi moja.

Kwa hiyo upande mmoja jina limebaki, watu wengi wameondoka na sauti imegeuka. Upande wa pili watu wanaendelea kufanya kazi, jina limelala. Ni ipi kati ya hizi mbili iliyobaki ile ile?

Wanafalsafa wana mfano wa zamani kuhusu jambo hili. Plutarch, mwandishi Mgiriki, alisimulia habari za merikebu ya Theseus iliyobadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wakabishana kama bado ni ile merikebu. Ni mfano mzuri, lakini mimi naishi Kibugu, na hapa hatuna merikebu. Tuna majani chai huku juu karibu na msitu, na tuna kahawa. Kahawa inatosha.

Wazee wa hapa walipanda SL28, kahawa iliyochaguliwa na watafiti wakati wa ukoloni, miaka ya 1930. Ni tamu, inasifiwa na wanunuzi wa mbali, lakini ni dhaifu: ugonjwa unaoozesha matunda na ule wa kutu ya majani huipiga vibaya, na dawa ni ghali. Mwaka wa 1985 ikaja Ruiru 11, yenye kinga. Mwaka wa 2010, mwaka ule ule wa Makmende, ikaja Batian, iliyopewa jina la kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Mkulima anayetaka kuhama si lazima ang'oe mti na kuanza upya. Anaweza kukata shina kuukuu, aache machipukizi, halafu apandikize juu yake kijiti cha Batian. Mizizi inabaki ya SL28, iliyozama ardhini miaka hamsini. Kinachozaa juu ni Batian.

Kuna mzee jirani yetu aliyefanya hivyo kwa miti aliyoachiwa na baba yake. Nilimuuliza kama anaona hiyo bado ni kahawa ya baba yake. Nilitarajia hekima ya wazee, maana nilikuwa naandika makala hii kichwani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama leo ni leo. "Kijana, namba ya kiwandani ni ile ile," akasema, akaendelea na kazi.

Alimaanisha namba ya uanachama kwenye chama cha ushirika. Baba yake alipeleka kahawa kwa namba hiyo, naye anapeleka kwa namba hiyo, na malipo yanaingia kwa namba hiyo. Kwake suala lilikuwa limeisha. Kwangu ndipo lilipoanza, kwa sababu nikaona kuna njia tatu za kujibu swali langu, na tunapobishana kuhusu bendi tunazichanganya zote tatu bila kujua.

Ya kwanza ni namba, yaani jina. Kwa kipimo hiki GusGus ni ile ile na ubishi umekwisha: jina ni moja, orodha ya albamu ni moja, tiketi inauzwa kwa jina hilo. Ni kipimo cha maana. Bila namba, chama hakijui kimlipe nani. Lakini namba haionji kahawa. Inaweza kubaki hata kama shamba limegeuzwa kuwa la parachichi.

Ya pili ni tunda, yaani sauti. Hiki ndicho kipimo cha yule shabiki anayelalamika, na sitaki kumcheka. Mtu aliyezoea SL28 akipewa Batian anaweza kuhisi tofauti, na kile anachokikosa alikipenda kweli. Anayetaka sauti ya 2008 hataipata katika filamu ya Masya, hata iwe nzuri namna gani. Kitu kilikuwepo, sasa hakipo. Shida inaanza pale anaporuka hatua moja: kutoka "nimepoteza" hadi "nimesalitiwa." Mvua ikikosa kunyesha nimepoteza, lakini mvua haikunidanganya.

Ya tatu ni mzizi, yaani ile namna ya kufanya kazi iliyokuwepo kabla ya wimbo wowote. Kwa kipimo hiki naona Just A Band iko hai kuliko bendi nyingi zinazozunguka na jina lao la zamani. Mzizi wao ulikuwa kutengeneza kitu kwa mikono yao wenyewe, bila kusubiri studio kubwa iwaruhusu, na kutotenganisha sauti na picha. Angalia machipukizi sasa. Mwaka wa 2022, kwenye maonyesho makubwa ya documenta huko Kassel, Ujerumani, kundi la Nest lilijenga banda kwa marobota ya mitumba na kulipa jina lenye maana ya kumrudishia mzigo aliyeutuma. Huo si wimbo. Lakini nani aliyewajua wale vijana wa Kenyatta atashangaa?

Hapo mtu makini atanisimamisha. Atasema: hii hadithi ya mzizi ni rahisi mno. Baada ya mtu kubadilika, huwezi kukosa cha kuita mzizi wake. Mwanasiasa akihama chama mara tano atasema mzizi wake ni kuwatumikia wananchi. Mhubiri akinunua gari la tatu atasema mzizi wake ni injili. Kama mzizi unaweza kuhalalisha kila kitu, hauna maana yoyote.

Ni pingamizi halali, na jibu langu ni hili. Mzizi ukiutaja baada ya kukata tu, huo ni kisingizio. Lazima uwe ulionekana kabla ya msumeno. Na lazima pia uweze kutaja kitu ambacho, kama kingefanyika, kingekuwa usaliti. Kwa Just A Band naweza kukitaja: kama wangefunga karakana yao, wakakodisha watu wawatengenezee Makmende mmoja kila msimu kwa agizo la wenye matangazo, huku wakituambia bado ni wao, hapo ningesema mzizi umekauka. Ajabu ni kwamba katika hali hiyo jina lingebaki, na hata ladha ingekaribia ile ya zamani. Shabiki wetu angefurahi. Angekuwa ameletewa alichoomba, na wala asingejua kilichokufa.

Hii ndiyo sababu nadhani tunakosea tunapodhani kwamba kubaki ni uaminifu na kubadilika ni usaliti. Usaliti unahitaji ahadi kwanza. Bendi ikikuuzia tiketi imeahidi kupiga siku ile. Ikitangaza albamu imeahidi albamu. Lakini hakuna siku waliyoahidi kwamba utakapokuwa na miaka thelathini watakuwa bado wanakutengenezea ule ujana wako. Hawa wenyewe walijiita bendi tu. Sijui jina linaloahidi kidogo kuliko hilo.

Lakini kuna mabadiliko ambayo yana ahadi ndani yake, na sitakuwa mkweli nikiyapita kimya, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niwaze haya yote. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Kozi nilipangiwa kulingana na alama zangu, nikaisoma miaka miwili na nusu, kisha nikaenda zangu kuandika. Sijutii. Ila kabla sijaenda chuo, kulikuwa na harambee. Watu wa hapa, wanaojua bei ya kilo moja ya majani chai kwa kuichuma jani kwa jani, walitoa mia mbili, mia tano, elfu moja. Shosho mmoja alileta jogoo, akapigwa mnada mara tatu kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Hawa si mashabiki. Shabiki alinunua wimbo, akaupata. Hawa walitoa kwa ajili ya kitu kilichokuwa bado hakijatokea, na kila mtu pale uwanjani alikijua kwa jina: digrii.

Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya Blinky Bill. Siwezi kuwaambia, "Sikuwaahidi kitu." Ahadi ilikuwepo, hata kama niliitoa kwa kukaa kimya nimevaa suti ya kuazima. Wakiniuliza sokoni, "Ulimaliza?" wana haki ya kuuliza kwa namna ambayo shabiki hana.

Basi je, mwenye deni hana ruhusa ya kubadilika? Hapo ndipo filamu ya Masya inanisaidia. Kati Kati ni jina la mahali ambapo wafu wamekwama. Wanakula, wanacheza, wanafanya sherehe, lakini hawawezi kuendelea mbele mpaka kila mmoja akabiliane na alichokifanya akiwa hai. Ninavyoielewa mimi, hakuna anayeambiwa arudi alikotoka. Kuondoka kunaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kuondoka huku unajifanya hakuna uliowaacha nyuma.

Nadhani hivyo ndivyo deni la anayebadilika linavyolipwa. Halilipwi kwa kubaki. Mkulima akikata SL28 hamdanganyi mnunuzi kwa kuandika SL28 kwenye gunia. Anasema: hii ni Batian, onja, ukiikataa nitaelewa. Mimi nimewaambia walionichangia, mmoja mmoja, kwamba niliacha na ninachofanya sasa. Wengine walicheka. Mzee mmoja alisema afadhali ningekuwa fundi wa pikipiki. Shosho wa jogoo aliuliza kama kuandika kunalipa. Nikamwambia ukweli, naye akanionea huruma, akaniongezea chai. Deni bado liko. Lakini sasa wanajua wanamdai nani, na mimi najua ninawalipa kwa zao gani.

Nikirudi kwa wanamuziki, naona tofauti hiyo inatosha kutuongoza. Kwa watu waliotoa kitu kwa ajili ya kesho yako, unadaiwa maelezo, ana kwa ana, na jitihada ya kulipa kwa ulichonacho. Wenzako katika bendi wako kwenye kundi hili. Mnapoachana, hilo ni deni lenu, na kelele za mashabiki hazilihusu. Lakini kwa mtu aliyekusikiliza tu, hata akikusikiliza miaka kumi kwenye matatu ya kutoka Embu mjini, unadaiwa kitu kimoja: usimuuzie gunia lenye jina la kahawa ambayo hailimwi tena.

Na sisi wasikilizaji je? Sisi tuna sentensi mbili za kuchagua. Tunaweza kumwambia msanii, "Nakumbuka ulivyokuwa, na nimekukosa." Hiyo ni kweli na haimfungi mtu. Au tunaweza kumwambia, "Umetudanganya." Hiyo ya pili ni nzito, inamharibia mtu jina, na kabla ya kuitamka inatupasa tuonyeshe ni ahadi gani alitupa na siku gani aliitoa. Mara nyingi tukitafuta tutakuta ahadi hiyo tulijipa wenyewe, tukiwa na miaka kumi na saba na simu ya kuazima masikioni, tukiamini kwamba hatutabadilika kamwe.